NANI ANA RUHUSA YA KUSAMEHE? Juu ya mtoto aliyeumizwa siku ya kuzaliwa



  



Ijumaa ya leo tunataka kusema nanyi juu ya jambo linalomalizwa kila siku ndani ya nyumba zetu chini ya neno zuri, na huenda namna ya kulimaliza si nzuri. Mama anafika maternite saa mbili za usiku, uchungu umekolea. Mzalishaji anampima mara moja, kisha anakwenda kulala. Hakuna anayesikiliza moyo wa mtoto mpaka adhana ya alfajiri. Au mama anatundikiwa serumu yenye dawa ya kuongeza uchungu, na hakuna mtu anayesimama karibu kuangalia matone yanashuka namna gani. Au kichwa kimetoka, mabega yamenasa, na mtu asiyefundishwa kazi hiyo anavuta shingo ya mtoto kwa nguvu zake zote. Mtoto anatoka amebadilika rangi, halii. Miezi sita inapita, shingo haikai. Mwaka unapita, haketi. Au akili ni nzima lakini mkono mmoja unaning'inia kama kitambaa kwenye kamba.

Kisha wajumbe wa hospitali wanakuja jioni. Wameleta gunia la mchele, kitenge cha mama, na bahasha. Wazee wa familia wameketi kwenye mkeka. Mmoja anasema: hii ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Wote wanaitikia. Baba ya mtoto anainua mikono na kusema: tumesamehe kwa ajili ya Allah. Fatiha inasomwa, chai inanywewa, wajumbe wanarudi kwao wakiwa wepesi. Mama yuko jikoni, na hakuna aliyemwuliza neno.

Ndugu msomaji, hatuulizi kama kusamehe ni kuzuri. Ni kuzuri, na kila mtu ndani ya msikiti huu anaijua fadhila yake. Tunauliza swali lingine: baba yule amesamehe kitu cha nani?

Lakini kwanza tuondoe neno kadari katikati ya njia, kwa sababu ndilo linalofunga midomo. Kila Mwislamu anaamini kwamba kheri na shari vyote vimekadiriwa. Ila kadari haijapata kuwa karatasi ya kumtoa mtu katika deni. Kijana wa pikipiki akigonga mbuzi wako, mbuzi yule amekufa kwa kadari, hilo halina shaka. Na bado utadai bei ya mbuzi wako siku ileile, na wazee walewale wa mkekani watakaa upande wako mpaka franka ya mwisho ilipwe. Ni ajabu kwamba kwa mbuzi tunakumbuka sheria, na kwa mtoto tunakumbuka kadari.

Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham, alifika pahali panapoitwa Sargh akaambiwa kwamba tauni imeingia inchi ile. Akaamua kurudi Madina na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, na Umar akamjibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu na kuingia katika kadari ya Mungu. Habari hii iko katika Bukhari na Muslim. Maana yake kwetu ni nyepesi: ugonjwa ni kadari, na dawa ni kadari. Kuumizwa ni kadari, na kumfikisha aliyeumiza mbele ya mwamuzi nako ni kadari.

Kuna kisa kingine cha Umar ambacho wanafiqhi wanakitaja wakizungumza juu ya dhamana. Wataalamu wa hadithi wameona pengo katika mlolongo wa wapokezi wake, lakini vitabu vikubwa vya fiqhi vimekitumia, nasi tunakileta kwa namna hiyo. Umar, akiwa khalifa, alituma mtu kumwita mwanamke mmoja ambaye mume wake alikuwa safarini, kwa sababu maneno yalikuwa yamefika juu ya watu wanaoingia kwake. Mwanamke alikuwa na mimba. Kwa hofu ya kuitwa na Umar, uchungu ukamshika njiani, akaingia nyumba ya watu akazaa. Mtoto akalia mara mbili akafa. Umar akawaita maswahaba akawauliza. Wengine wakasema hana deni lolote, yeye ni mtawala anayeongoza watu wake. Ali (r.a.) alikuwa amenyamaza. Alipoulizwa, akasema kwamba ikiwa wale wametoa rai yao basi rai imekosea, na ikiwa wamesema hivyo kumpendeza Umar basi hawakumtakia mema. Diya ya mtoto ni juu yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtia mama hofu. Umar akakubali, akamwamuru Ali aigawe diya ile juu ya jamaa zake Umar mwenyewe.

Tazama ni nani anayelipa hapa. Ni khalifa. Hakushika silaha, hakumgusa mama, nia yake ilikuwa kulinda heshima ya nyumba ya mtu. Mtoto mwenyewe aliishi muda wa vilio viwili. Na hakuna aliyeleta gunia la mchele.

Hata mtoto ambaye hakulia kabisa ana haki yake. Katika zama za Mtume (s.a.w.) wanawake wawili wa kabila la Hudhayl waligombana, mmoja akampiga mwenzake, akamwua pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni. Mtume (s.a.w.) alihukumu diya ya mama iwe juu ya jamaa za yule aliyeua, na kwa mtoto wa tumboni akahukumu malipo yanayoitwa ghurra. Hapo mtu mmoja wa jamaa zao akasimama na maneno ya vina, akilalamika namna gani atamlipia mtu ambaye hakula, hakunywa wala hakupaza sauti. Mtume (s.a.w.) hakupendezwa na maneno yale, akayafananisha na maneno ya makuhani, na hukumu ikabaki palepale. Wanafiqhi wakaipima ghurra kuwa ngamia 5, ni kusema sehemu moja ya ishirini ya diya kamili ya ngamia 100. Malalamiko ya mtu yule bado tunayasikia kwenye maternite zetu, bila vina: mtoto hakuwa amepewa hata jina, ninyi mnadai nini?

Sasa turudi kwa baba yetu wa mkekani.

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu ameweka diya kwa mwenye kuua kwa kosa bila kukusudia, nayo ikabidhiwe watu wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakiitoa kuwa sadaka. Mlango wa kusamehe uko wazi, na Mungu ndiye aliyeufungua. Ila ameufungua kwa wenye haki. Mtoto akifa, haki ile inakuwa mirathi. Mama ana fungu lake ndani yake, theluthi moja au moja ya sita kufuatana na ndugu walioko, na fungu lile ni lake kama vile kitenge anachokivaa ni chake. Baba anaweza kusamehe lililo lake. La mama hawezi kulisamehe akiwa amemwacha jikoni.

Na kama mtoto yu hai? Hapo ndipo neno lenyewe lilipo. Mtoto aliyelemaa mkono, diya ya mkono ule ni yake. Mtoto aliyepoteza akili, diya ya akili ni yake, nayo ni diya kamili. Maswahaba walikuwa na barua ambayo Mtume (s.a.w.) alimpa Amr ibn Hazm alipomtuma Yemen, na ndani yake viungo vya mwili vimepangiwa malipo, kiungo kwa kiungo. Malipo hayo mwenyewe ni mtu aliyekatwa au aliyelemazwa. Baba yake ni msimamizi tu, walii. Na walii wa mtoto, kwa madhehebu ya Imam Shafii ambayo wengi wetu tunayafuata, hana ruhusa ya kutoa bure mali ya mtoto. Hawezi kuifanya sadaka, hawezi kuikopesha kwa kupendeza watu, hawezi kuisamehe. Kama vile usivyoweza kutoa shamba la yatima kwa ajili ya Allah, kisha ukangoja thawabu.

Kwa hiyo baba yule aliyeinua mikono alikuwa mkarimu kwa mali isiyo yake. Mwenye deni ameondoka mwepesi, na mwenye haki amelala chumbani, hawezi kugeuza shingo, na hajui kwamba jioni ile kulikuwa na mkutano juu yake.

Tunajua mtakayosema. Mtasema: yule mzalishaji ni mtu wetu, ni binti wa kartie, miezi mingapi hajalipwa mshahara, usiku ule hapakuwa na umeme, alizalisha akiwa ameshika taa ya simu kwa meno. Ni kweli, na tusiharakishe kupita hapa, kwa sababu kuna dhuluma ya pili, ya kumtwika mtu kosa ambalo si lake.

Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, kwamba mwenye kujifanya tabibu bila kujulikana kwa elimu ya tiba, yeye ni mdhamini wa madhara yake. Kutoka hapo wanazuoni wamepanua maneno. Ibnul Qayyim, aliyekufa mwaka 751 wa Hijra (1350), amewagawa matabibu katika kitabu chake Zaadul Maad. Tabibu mjuzi, aliyeruhusiwa, aliyeipa kazi haki yake na mkono wake haukukosea, kisha mgonjwa akapata madhara: huyo hana deni, na wanazuoni wamekubaliana. Mjinga aliyewadanganya watu kwamba anajua: huyo anadaiwa. Mjuzi ambaye mkono wake umeteleza ukagusa kiungo kizima: huyo naye anadaiwa, ingawa hakukusudia na ingawa hana dhambi. Na aliyempasua mtu bila ruhusa yake au ya walii wake ana maneno yake mbali. Lakini angalia huyu mwingine: tabibu mjuzi aliyejitahidi katika kuchagua dawa, akakosea, mgonjwa akafa. Juu yake Ibnul Qayyim anataja kauli mbili, na moja inasema diya itoke katika Baitul Mali, hazina ya Waislamu wote.

Tukipima kwa mizani hii, binti wa kartie aliyeshika taa kwa meno, akasikiliza moyo wa mtoto, akaona hatari, akaita ambulansi na ambulansi haikuwa na mafuta, huyo ameipa kazi haki yake. Ukimfungulia kesi yeye umemdhulumu. Deni, kama lipo, ni la aliyefungua maternite bila njia ya kumpeleka mama pengine. Lakini yule aliyelala wakati mama anamwita, au aliyetundika serumu akaondoka, umaskini wake haumtoi. Kukosa mshahara ni dhuluma aliyofanyiwa na Leta. Mtoto hakumfanyia lolote.

Na madhara yote hayatoki mikononi mwa watu. Mtoto anaweza kupooza kwa sababu alizaliwa kabla ya miezi yake, au kwa ambukizo akiwa tumboni, au kwa manjano ya siku za kwanza, au kwa malaria ya kichwa au ugonjwa wa uti wa mgongo akiwa na miezi kumi. Mwenye kudai anatakiwa kuleta ushahidi, ndivyo alivyofundisha Mtume (s.a.w.). Kulia peke yake hakutoshi, hata kilio kikiwa cha kweli.

Je, ushahidi unatoka wapi, na usiku ule mlikuwa wawili au watatu ndani ya chumba? Unatoka kwenye karatasi. Katika kila maternite inayofanya kazi vizuri kuna karatasi ya kufuata uchungu, wanaiita partograme. Mzalishaji anaandika humo njia imefunguka kiasi gani, na kila nusu saa anaandika moyo wa mtoto unapiga mara ngapi. Karatasi hiyo ikiwa nyeupe toka saa tatu za usiku mpaka saa kumi na moja za alfajiri, weupe ule unasema. Kuna pia rejista ya uzazi, fishi ya mama ya kupimisha mimba, karatasi ya kumhamisha mama kwenda hospitali kubwa na saa iliyoandikwa juu yake. Omba nakala mapema, kwa adabu, kwa maandishi, mbele ya mtu wa tatu. Karatasi zina tabia ya kupotea baada ya wajumbe kunywa chai.

Sheria ya Leta yetu haigongani na haya. Hapa Congo tribinali hazihukumu kwa diya wala kwa ngamia, na hakuna anayewaambia mdai ngamia. Lakini kitabu cha tatu cha sheria za kiraia, chenye asili yake katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema katika kifungu cha 258 kwamba kila tendo la mtu linalomdhuru mwingine linamlazimu mwenye kosa kulitengeneza. Kifungu cha 259 kinaongeza uzembe na kutojihadhari. Kifungu cha 260 kinamfanya mwenye kazi ajibu kwa matendo ya wale aliowaajiri katika kazi hiyo. Basi hospitali inajibu kwa mzalishaji wake, iwe ya Leta, ya kanisa, ya msikiti au ya mtu binafsi. Ndiyo, hata ya msikiti. Tukifungua kituo cha afya na kukiandika jina zuri la Kiarabu, deni litatufikia vilevile.

Sheria ya adhabu ya mwaka 1940 nayo ina vifungu vya 52 mpaka 54 juu ya kuua na kuumiza bila kukusudia, kwa kukosa kujihadhari. Njia hii inapita kwa parke, na familia inaweza kuomba malipo ndani ya kesi ileile. Wengine wanaikimbilia kwa sababu wanataka kuona mtu anafungwa. Kwa rai yetu, mwenye mtoto hai aliyelemaa afikiri mara mbili. Mzalishaji akikaa gerezani miezi sita, mtoto hapati uji kutoka kule. Njia ya kifungu cha 258, ya kudai malipo kwa hospitali yenyewe, inaelekea zaidi lile anachohitaji mtoto. Na asiyekuwa na pesa za tribinali aulize juu ya hati ya umaskini kabla ya kukata tamaa.

Wako wanaoona haya: tutapokea pesa kwa mtoto wetu? Si kama kumwuza? Hapana. Hakuna anayenunua mtoto hapa. Hesabu usiku mmoja tu wa mama mwenye mtoto wa namna hii. Anamgeuza ubavu asipate vidonda. Anamlisha kwa kijiko nusu saa, kwa sababu akiharakisha chakula kinaingia mapafuni. Anabeba mgongoni mtoto wa miaka minane. Ameacha meza yake sokoni. Kuna dawa za kifafa kila mwezi, kuna kiti cha magurudumu kinachobadilishwa kila mtoto akikua, kuna mtaalamu wa kunyoosha viungo. Nani analipa hayo sasa? Mtoto na mama yake wanalipa. Kila siku wanalipa deni ambalo aliyeliweka amesamehewa.

Mahakama kuu ya Uingereza, mwaka 2015, ilimaliza kesi ya mama mmoja wa Uskoti, Nadine Montgomery. Alikuwa mfupi, mwenye ugonjwa wa sukari, na mtoto wake alikuwa mkubwa. Muganga wake alijua kwamba kwa wanawake wa namna hiyo karibu mmoja kati ya kumi mabega ya mtoto hunasa, naye hakumwambia. Mwaka 1999 yakanasa, dakika 12, mtoto akaumia ubongo na mkono. Mama alishindwa mara mbili katika mahakama za Uskoti kabla ya kushinda. Alipewa zaidi ya pauni milioni 5, na pesa hizo zilihesabiwa kwa mahitaji ya mtoto katika maisha yake yote. Lakini kesi ile tunaitaja kwa jambo lingine. Mahakama ilisema kwamba mama ana haki ya kuambiwa hatari iliyoko na njia nyingine zilizoko, ili achague mwenyewe. Hii ndiyo ile ruhusa aliyoitaja Ibnul Qayyim. Mtu hawezi kutoa ruhusa ya jambo asilolijua. Basi ninyi waganga na wazalishaji mlio katika safu zetu leo, mwelezeni mama. Muelezeni kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha haraka.

Turudi kwenye neno tulilolipita upesi: jamaa. Katika kisa cha Umar na katika hukumu ya Hudhayl, malipo hayakuachwa juu ya mtu mmoja. Yaligawanywa juu ya jamaa za aliyekosa, wale wanaoitwa aaqila. Kosa la bahati mbaya likitwikwa mtu mmoja linamvunja, na aliyeumizwa hapati kitu, kwa sababu huwezi kukamua maziwa kwenye jiwe. Likigawanywa juu ya watu wengi, kila mmoja anatoa kidogo na mwenye haki anapata chake. Tena jamaa wanaojua kwamba watalipa, watamchunga mtu wao. Mkurugenzi wa hospitali anayejua kwamba kila usiku wa kulala utatoka katika sanduku lake, atapita kukagua saa nane za usiku.

Wabelgiji, ambao sheria ile ya 1888 ilitoka mikononi mwao, hawakubaki nayo peke yake kwao. Kwa sheria ya tarehe 31 Machi 2010 waliunda mfuko wa ajali za matibabu. Mtu aliyeumizwa anapeleka ombi bila kulipa, wataalamu wanachunguza, na hata pasipo kosa la mtu, madhara yakiwa makubwa na yasiyo ya kawaida, mfuko unaweza kulipa. Wao hawajui neno aaqila, wala hawakusoma Ibnul Qayyim juu ya Baitul Mali, na wamefika karibu na pahali palepale. Sisi tuliorithi maneno hayo hatuna hata sanduku moja.

Leta imeanza mwaka 2023 mpango wa kuzaa bila malipo, ikaanzia Kinshasa. Ni kheri. Mama asifungiwe tena hospitalini kwa ajili ya bili. Lakini kutolipa bili hakuondoi haki ya kutoumizwa, na wale wanaowajibu akina mama kwamba cha bure hakilalamikiwi, wanasema maneno ambayo hayana msingi katika dini wala katika sheria. Hospitali zinazoingia mpango huo zingewekewa mfuko wa madhara toka siku ya kwanza. Tunawaomba ndugu zetu walio katika mabunge ya jimbo na ya taifa walisikie hili.

Na wakati tunangoja, msikiti unaweza kufanya nini? Wajumbe wakija jioni na gunia, pokeeni kwa heshima, wapeni chai. Semeni hivi: zawadi yenu tumeipokea kuwa zawadi, hakuna neno la kumaliza jambo lililosemwa leo, na mama wa mtoto yuko hapa ameketi nasi. Msitie sahihi wala kidole kwenye karatasi usiku ule. Mtafuteni mtu anayejua sheria, na muganga wa pengine asiyefanya kazi katika hospitali ile, amwangalie mtoto na zile karatasi. Kama muganga huyo akisema kosa halipo, basi kubalini, na muwaombe radhi wale mliowadhania. Kama akisema lipo, dai mnalodai ni la mtoto, na mkitaka kupatana nje ya tribinali mna ruhusa, mradi mapatano yafikie anachohitaji mtoto. Kwake mwenyewe mzalishaji, kwa machungu ya moyo, kwa maneno makali aliyomwambia mama usiku ule, hapo sameheni mpendavyo. Hiyo ni mali yenu.

Pesa zikitoka, ziandikwe kwa jina la mtoto, na mashahidi wawili wajue zimewekwa wapi. Suratun-Nisaa, aya ya 6, imempa msimamizi maskini ruhusa ya kula katika mali anayoisimamia kwa kiasi kinachokubalika, na mwenye uwezo ajizuie. Mama aliyeacha meza yake sokoni kwa ajili ya mtoto anaingia katika ruhusa hiyo, wala asionewe haya. Shangazi anayekuja kumgeuza mtoto mchana anaweza kulipwa humo. Nyumba inaweza kutengenezwa mlango mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Baba anayefikiria kuongeza mke kwa pesa zile atafute pesa nyingine.